Tope la Mwalimu Sefania

Kwa kawaida nikionja mkono wa mtu nauvaa dakika kumi, nasaini, naenda zangu kunywa chai. Wa Mwalimu Sefania Mntangi uliniinua kitini dakika ya nne. Nilijikuta nimesimama dirishani, vikuku vya kuonjea rekodi bado vimenibana mikono, shingo nimeinyoosha kuelekea msituni, nasikiliza kitu nisichokijua.

"Kuna nini huko nje?" aliuliza Daktari Hozza, mkuu wetu wa kituo. Alikuwa amepita kufuata saini yangu.

"Ukungu tu, Daktari."

"Basi kaa chini, Nakijwa. Huyu mzee anapandikizwa keshokutwa asubuhi, na mimi sijaona hata mstari mmoja uliosafishwa."

Nikakaa. Mguu wangu wa kulia ukaanza kugonga sakafu bila kuniomba ruhusa. Nimefanya kazi hii miaka kumi na minne. Nimevaa mikono ya washonaji, ya wakunga, ya fundi saa mmoja aliyekuwa amegombana na ukoo mzima, na hakuna hata mmoja ulionikosesha raha namna ile. Nilikasirika, kwa sababu mimi si mtu wa kuchezewa na rekodi.

Mwalimu Sefania alikuwa mzee wa miaka sabini na moja, mwalimu wa kwaya wa Kwemhanga, upande wa pili wa mlima. Kiharusi kilimchukua mkono wa kulia na maneno yote. Zamani mtu kama huyo angepewa mpira wa kubana, kisha watu wamwombee. Siku hizi tunampandikizia mkono. Tunachukua rekodi ya amri ambazo ubongo ulituma kwenye vidole enzi za uzima, tunamkalisha mgonjwa mbele ya kazi ileile, mshonaji mbele ya cherehani, mpiga piano mbele ya piano, na kwa dakika arobaini rekodi inaufundisha ubongo njia mpya. Ni mara moja tu. Ikishika imeshika, na ikiharibika hakuna ya pili.

Mkono bora ni wako mwenyewe, na Mwalimu alikuwa na bahati ya kuwa na rekodi moja. Ilikuwa ya miaka ishirini na sita iliyopita, vikuku vilipokuwa bado vya majaribio na watafiti wakizunguka milimani kutafuta watu wenye mikono mizuri. Shida ni kwamba vikuku havichagui. Vinanasa kila kinachopita kwenye mishipa: hofu, njaa, kisirani, mapenzi. Sisi wasafishaji tunaviita vyote tope. Kwenye kioo cha mashine tope linaonekana kama uzi wa kahawia uliojisokota na uzi mweupe wa vidole, na sheria inasema lisizidi asilimia tatu. Sheria hiyo haikutungwa kwa kujifurahisha. Kuna mama alipandikizwa mkono wa mshonaji aliyerekodiwa akiwa na hasira, na hadi leo huwa anaukalia mkono huo wageni wakija, usije ukampiga mtu.

Tope la Mwalimu Sefania lilikuwa asilimia sitini na moja.

*

Kilichorekodiwa kilikuwa sonata ya kale ya piano, sehemu yake ya kwanza tu, iliyopigwa tena na tena mara kumi na moja bila mapumziko. Mtafiti wa wakati ule aliandika chini yake: *Mchezaji hakutulia. Haifai.* Kisha akaihifadhi, maana watafiti hawatupi kitu.

Mimi nimekulia kwaya, sauti ya pili, lakini sonata sikuzijua. Aliyenifungulia njia ni binti yake, Tumsifu, mhandisi wa mabwawa aliyekuja kutoka Mtwara kwa ruhusa ya siku nne. Aliingia chumbani kwangu akiwa na daftari la mistari lililofungwa kwa kamba ya kiatu.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Hilo ndilo lenyewe?"

"Ndilo. Aliinakili sonata nzima kwa do-re-mi, kwa mkono. Alisema noti za kizungu zinamuumiza macho."

Nilicheka, kisha nikalifungua na nikaacha kucheka. Kurasa thelathini na mbili za herufi ndogo ndogo, na pembeni, kwa kalamu nyekundu, maagizo. Mwanzoni kabisa: *Mkono wa kushoto usitulie hata pale wa kulia ulipotulia.* Chini yake: *Kimbia, lakini usifike.* Ndiyo maana mguu wangu uligonga sakafu. Wimbo wa kwanza wa sonata ile ulikuwa kwenye la, na waliokulia kwaya wanajua tofauti. Wimbo wenye makao yake kwenye do unapofika nyumbani unakaa. Wenye makao kwenye la, hata uchangamke vipi, kuna kitu unakikumbuka.

Ukurasa wa sita wimbo wa pili uliingia, mwepesi, kwenye do: so, mi, fa, so, la, so, re, do. Pembeni: *Furaha. Iamini.* Halafu kurasa nyingi za vurugu, wimbo unagonga mlango huu na ule bila kufunguliwa. Karibu na mwisho ulikuja tena wimbo uleule wa pili, lakini safari hii umeshushwa kwenye la: mi, do, re, mi, fa, mi, ti, la. Kalamu nyekundu ilisema: *Furaha ileile imerudi, imevaa nguo za msiba. Usilie. Itembeze tu.*

"Dada," Tumsifu alisema, "mimi naomba kitu kimoja. Baba ashike kikombe, afunge vifungo vyake. Piano akiiweza, sawa, asipoiweza, basi. Ila sitaki mkono unaohangaika. Baba amehangaika vya kutosha maishani."

Ombi lake lilikuwa na akili na lilikuwa na sheria upande wake. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, nitausafisha mpaka ung'ae.

Nilisafisha siku nzima. Nilichagua mzunguko wa kumi na moja kwa sababu ndio uliokuwa na vidole imara zaidi, lakini mashine hupitia rekodi yote kwanza. Uzi wa kahawia ulitoka taratibu, kama ukoko unavyotoka kwenye sufuria iliyolowekwa. Mchana mashine ikanionyesha matundu: sehemu ishirini na mbili ambapo noti iliyopaswa kupigwa haikupigwa, kidole kimeinuka na pumzi imekatika. *Jaza?* ikaniuliza. Mashine zetu zimetengenezwa kwa ajili ya mishono iliyoruka. Mshono ukiruka, unajaza. Nikabonyeza ndiyo mara ishirini na mbili, na mara ya mwisho nilikuwa napiga miayo.

*

Kesho yake asubuhi, siku moja kabla ya kupandikiza, niliupeleka mkono uliosafishwa chumbani kwa Mwalimu ili ausikie kupitia spika. Ni desturi. Mwenye mkono husikia kwanza.

Alikuwa amekaa kwenye kiti cha mbao karibu na dirisha, mzee mrefu, mkono wa kulia umelala pajani kama kitu alichokabidhiwa na mtu mwingine. Wa kushoto ulikuwa unapiga kwenye mkono wa kiti, tu-tu-tu-tu, ile mbio ya sonata. Tumsifu alikuwa kitandani, anashonea shati la baba yake vifungo vikubwa zaidi.

"Shikamoo Mwalimu," nikasema. Akainamisha kichwa. Macho yalikuwa mazima kabisa.

Nikawasha. Ilikuwa safi, nawaambia. Kila noti mahali pake, laini, hakuna kikwazo. Mkono wa kushoto wa Mwalimu ukaacha kugonga. Nikadhani ameridhika. Wimbo wa pili ukaja na furaha yake, ukaisha vizuri kwenye do, na Mwalimu akakunja uso kama aliyeuma jiwe kwenye wali. Ulipokuja tena kwenye la na kuisha, akakipiga kiti kofi.

Hakuwa na neno hata moja, ila kiharusi mara nyingi huacha uimbaji. Akafungua kinywa, na sauti ikatoka, ya kukwaruza lakini haikukosea hata nukta: "Mi, do, re, mi, fa, mi, ti..."

Akaishia hapo, nyusi juu.

"Laaa," Tumsifu akaimba, bila kuinua macho kwenye sindano.

Nikaizima spika. "Kwa nini umeimba?"

"Mimi? Aa, hiyo." Akacheka kidogo. "Ndivyo alivyokuwa ananiita nikiwa mdogo. Chakula tayari, kuoga, chochote. Anaimba anaacha noti ya mwisho, na popote nilipo naimalizia. Akiisikia anajua niko wapi. Mama alikuwa anasema tunajipa taabu, watu wengine wanaita tu jina."

"Noti ya mwisho anaiacha siku zote?"

"Siku zote. Hiyo ni ya kwangu."

Matundu ishirini na mbili. Mizunguko kumi na moja, wimbo wa pili unapita mara mbili kila mzunguko. Nikaketi ukingoni mwa kitanda bila kukaribishwa.

"Tumsifu, uliwahi kupotea?"

Sindano ikasimama. Akamtazama baba yake kwanza, kisha mimi. "Nilikuwa na miaka saba. Mwezi wa tano. Niliingia msituni kufuata mbuzi, ukungu ukashuka, sikuona hata miguu yangu. Watu waliita, lakini kwenye ukungu sauti ya mtu inatoka kila upande. Baba akafungua madirisha yote ya kanisa akapiga piano. Piano haihami. Nikaifuata."

"Ulijibu?"

"Sikuweza. Nilikuwa nimelia mpaka sauti imekauka. Nilitembea tu mpaka nikaona mlango."

Machozi yalikuwa yanamshuka Mwalimu upande mmoja wa uso. Wiki ile ya mwezi wa tano watafiti walikuwa Kwemhanga. Tarehe niliikumbuka, nilikuwa nimeipita mara kumi nikisafisha. Alikimbilia piano akiwa na vikuku vyao mikononi, na kila alipofika kwenye noti ya mtoto aliacha, akakata pumzi, akasikiliza kama atajibiwa. Na mimi niliyajaza matundu yote, huku napiga miayo.

*

Nakala chafu nilikuwa nayo bado. Hairuhusiwi kumwonjesha ndugu, lakini nilimvalisha Tumsifu vikuku mwenyewe, chumbani kwangu, mlango umefungwa. Nilimwacha dakika tatu za mwisho wa rekodi. Nikaona shingo yake inanyooka kuelekea dirishani kama ilivyonyooka yangu.

Alipovua aliviweka vikuku mezani, akavipanga sambamba.

"Mimi nilikuwa naogopa msituni," alisema. "Nilidhani naogopa peke yangu."

"Ndiyo hivyo."

"Sasa wewe unataka nini, dada? Nikwambie umwachie? Mkono huo ukishika, baba atakuwa ananisubiri maisha yake yote. Umeona rekodi inavyoisha? Haina mwisho! Anafika kwenye ti, halafu hakuna kitu."

Alikuwa sahihi, na hilo ndilo lililokuwa likinitafuna. Siku ile baba yake alipoiona sura ya mtoto mlangoni aliruka na vikuku vikachomoka. Rekodi ilikuwa na kusubiri kote, ila kuonana haikuwa nako. Nikiisafisha, mzee anapata mkono wa kushika kikombe, na yule baba wa siku ile namfuta kama vumbi. Nikiiacha, namfungia ndani ya ukungu, na kikombe hatashika, maana mkono unaosikiliza haushiki kitu. Nilijaribu kutenganisha uzi wa mapenzi na uzi wa hofu ili mmoja ubaki. Sikupata pa kukata. Ulikuwa uzi mmoja.

"Mwenye mkono ni yeye," nikasema. "Twende tukamuulize."

Nilimweleza Mwalimu yote mawili, polepole, mara mbili, pamoja na hatari yake. Nilipotaja mkono safi aliinua ngumi ya kushoto na kuifunga hewani, vile mwalimu wa kwaya anavyoinyamazisha kwaya. Nilipotaja ule mwingine alifungua kiganja na kukipandisha: endeleeni.

"Baba, hautatulia," Tumsifu alisema, sauti imepasuka. "Mimi nakaa Mtwara, Baba. Sitakuwepo."

Mzee akamtazama kwa upole, na kwa ukaidi pia, msinidanganye kwamba wazee wanakuwa na kimoja tu. Akaimba tena mpaka ti, akaacha. Tumsifu alikuwa analia na hakumalizia. Ukimya ule uliniingia mwilini kuliko sonata nzima, na humo ndimo nilimopata wazo. Ubongo unajifunza dakika arobaini zote, rekodi iwepo isiwepo. Rekodi ikikatika na mgonjwa bado yuko kwenye kofia ya kupandikizia, kitakachotokea chumbani muda huo nacho kinashika.

"Tumsifu," nikasema, "kesho unaweza kuingia mlangoni kwa wakati?"

*

Niliandika kwamba tope ni asilimia mbili nukta nne na nikapiga muhuri juu ya uongo huo. Nitangulize kusema kwamba wakubwa walininyang'anya muhuri mwezi uliofuata, na kwamba Daktari Hozza hakukosea kuwaandikia. Kama ningeharibu, ningekuwa nimemwibia mzee mkono wa mwisho aliokuwa nao. Asubuhi ile sikuweza hata kunywa chai.

Piano ya kituo iko chumba cha mashariki. Mwalimu alivalishwa kofia na vikuku, akaketi. Mkono wa kulia tuliuweka juu ya vitufe kama unavyomweka mtoto kitini. Ndugu husubiri nje, kwa hiyo Tumsifu kusimama nyuma ya mlango hakukumshtua mtu.

Kwa nusu saa mashine ilizipasha njia za ubongo moto kwa mazoezi madogo ya vidole. Kisha nikaingiza mzunguko wa kumi na moja.

Mkono wa kushoto, ule mzima, ulianza wenyewe. Wa kulia ukashtuka, ukadondoka kwenye noti ya kwanza, ukainuka, na ghafla ukawa unakimbia. Muuguzi aliyekuwa kwenye kioo alipiga makofi. Mimi nilikuwa nahesabu kurasa za daftari kichwani. Wimbo wa pili ulikuja, *iamini*, na kabla ya do mkono ukaganda hewani, Mwalimu akageuza sikio dirishani. Kisha ukaendelea.

"Hiyo nini?" Daktari Hozza akasogea kwenye kioo. Akauona uzi wa kahawia. Aligeuka akanitazama, na sijawahi kuona mtu mpole akiwa na uso ule. "Nakijwa. Huu mkono haujasafishwa."

"Ni chaguo lake, Daktari."

"Zima."

"Ukizima katikati haushiki kabisa. Unajua."

Alijua. Alisimama hatua moja kutoka kwenye swichi, anatweta, na piano ikapita kwenye zile kurasa za vurugu, mlango huu, mlango ule. Mzee alikuwa ameloa jasho. Nikausikia wimbo wa pili unarudi, umevaa nguo zake za msiba. Mi, do, re. Mi, fa, mi.

Ti.

Rekodi ikaisha hapo. Mkono ukabaki hewani, unatetemeka, vidole vimefunguka. Mwalimu alikata pumzi. Sote tukakata. Saa ya ukutani ilikuwa imebakiza dakika mbili kutimiza zile arobaini.

Mlango haukufunguka.

"Tumsifu," nikasema kimoyomoyo, "mwanangu, sasa." Hakuna kitu. Daktari akaisogelea swichi na mimi nikasimama mbele yake, kifua kwa kifua, mambo ambayo sijawahi kumfanyia mkubwa wangu. Mkono wa mzee ukazidi kutetemeka. Ulikuwa unajifunza kutetemeka, nilijua, kila sekunde ulikuwa unashika zaidi.

Kitasa kikazunguka. Tumsifu alisimama pale, mikono miwili imeziba mdomo. Sauti haikumtoka. Ilimkauka tena, kama siku ile, na nikaelewa kwamba nyuma ya mlango alikuwa amekwisha jaribu mara nyingi. Akaondoa mikono. Akajaribu. Kilichotoka kilikuwa chembamba, kimeshuka chini ya noti, kwaya yoyote ingekifukuza.

"Laaa."

Mwalimu Sefania hakuruka safari hii. Mkono wa kulia ukashuka taratibu na kidole cha mwisho kikaibonyeza noti ile, mahali ambapo hakuna rekodi iliyokuwa imemwelekeza, kikaishikilia mpaka ikafifia yenyewe. Uzi mweupe ulijichora kwenye kioo peke yake, na ule wa kahawia ukiwa bado umeuzunguka.

Nisiwadanganye kwamba ulitulia. Hadi leo anashika kikombe, anafunga vifungo, na simu ya Mtwara ikichelewa chai inamwagika. Daktari Hozza aliniuliza mbele ya wakubwa kama nimempa mzee mkono au nimempa mahangaiko.

Lakini asubuhi ile noti ilipokwisha, mkono uliondoka kwenye piano, ukageuka kiganja juu, ukabaki hapo mbele ya mlango, unatetemeka. Tumsifu akavuka chumba, akaushika.